Kununua Gemu za Linux ili Pesa Imfikie Aliyezitengeneza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nikinunua gemu Steam, mtengenezaji anajuaje kwamba natumia Linux?

Steam, duka la gemu la mtandaoni la kampuni ya Valve, haiangalii tu kompyuta uliyolipia. Inatazama wiki mbili za mwanzo baada ya manunuzi. Muda uliocheza ukiwa mwingi upande wa Linux, mauzo yanaandikwa ya Linux. Ukiwa mwingi upande wa Windows, yanaandikwa ya Windows. Usipoigusa gemu kabisa ndani ya siku hizo 14, kinachohesabika ni mfumo uliokuwa unatumia wakati wa kulipa.

Kwa hiyo mwenye mifumo miwili kwenye kompyuta moja, akinunua akiwa Linux halafu akaenda kuicheza Windows kwa siku za mwanzo, atakuwa amemlipa mtengenezaji vizuri tu, ila kura yake imeandikwa kwingine. Na kura hiyo ina uzito. Studio inapokaa kuamua kama toleo la Linux liendelee kutunzwa au liachwe, jedwali la mauzo kwa kila mfumo ndilo linalofunguliwa. Linux bado ni sehemu ndogo: katika takwimu za Steam ilivuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza Oktoba 2025. Kwa gemu iliyouza nakala 2,000, asilimia 3 ni watu 60. Kumi wakiandikwa kusiko, pengo linaonekana kwa macho.

Ukinunua kwa simu ukiwa kwenye daladala, hakuna ubaya. Fika nyumbani, washa Linux, cheza saa mbili tatu ndani ya wiki hizo mbili.

Gemu ni ya Windows, naicheza kupitia Proton. Nayo inahesabika?

Ndiyo. Proton, programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux, ambayo Valve waliitoa Agosti 2018 wakishirikiana na kampuni ya CodeWeavers, inahesabiwa kama Linux. Kanuni ni ileile ya wiki mbili. Mtengenezaji ambaye hajawahi kutoa toleo la Linux anaweza kufungua ripoti yake na kukuta watu wa Linux wamo humo, wamelipa bei kamili. Studio nyingi zimeshtukia wateja hao kwa njia hiyo, hasa tangu Steam Deck ilipoingia sokoni Februari 2022, maana nayo ni kompyuta ya Linux inayoshikwa mkononi.

Kwa hiyo ninunue toleo la Linux asilia, au Proton inatosha?

Toleo asilia, yaani lililotengenezwa kwa ajili ya Linux yenyewe, likiwepo na likiwa linatunzwa, lipe nafasi ya kwanza. Factorio, gemu ya kujenga viwanda ya studio ya Wube huko Prague, ni mfano mzuri. Kwenye Linux ina uwezo wa kuhifadhi mchezo bila kusimama: programu inajigawa mara mbili kwa njia ambayo mfumo wenyewe unaiwezesha, nakala moja inaandika faili na nyingine inaendelea na mchezo. Mwenye kiwanda kikubwa, ambacho kukihifadhi kunagandisha skrini sekunde kadhaa, anaelewa utamu wake. Kazi ya namna hiyo hufanywa na mtu anayeujua mfumo, na mtu huyo analipwa mshahara.

Lakini toleo asilia lililoachwa miaka mitano bila sasisho ni mzigo. Kama toleo la Windows kupitia Proton linakwenda vizuri zaidi, litumie bila kujisikia vibaya. Bofya kulia jina la gemu, ingia "Properties", kisha "Compatibility", ulazimishe toleo la Proton unalotaka. Bado wewe ni mteja wa Linux kwenye vitabu.

Duka gani linamwachia mtengenezaji hela nyingi zaidi?

Tuchukue gemu ya dola 20, kabla ya kodi. Steam inakata asilimia 30, kwa hiyo zinabaki dola 14. Gemu ikishaingiza dola milioni 10 makato yanashuka hadi asilimia 25, na ikivuka milioni 50 yanakuwa asilimia 20. Yaani nafuu hiyo inawafikia wakubwa. Kijana aliyetengeneza gemu yake peke yake chumbani hukatwa 30 mwanzo hadi mwisho.

itch.io, duka jingine la mtandaoni, imefanya tofauti kabisa: mtengenezaji mwenyewe ndiye anayechagua duka lichukue asilimia ngapi. Kiwango kinachowekwa asipogusa chochote ni 10, na anaweza kukishusha hadi sifuri. Kwenye dola 20 zile, dola 18 ni zake, ukitoa ada ya kampuni ya malipo. Tena, dirisha la malipo linakuruhusu kuongeza juu ya bei. Ukiweka 25 badala ya 20, zile tano zinakwenda njia hiyohiyo.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi hawaijui: tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Steam inawaruhusu watengenezaji kutoa funguo za gemu zao, yaani misimbo ya kufungulia gemu kwenye akaunti ya Steam, na kuziuza nje ya duka, na Valve haikati kitu kwenye mauzo hayo. Factorio, kwa mfano, inauzwa kwenye tovuti yake yenyewe, na aliyenunua huko anaweza kuiunganisha na akaunti yake ya Steam.

Basi si kila mtu anunue nje ya Steam?

Hapa pana mvutano wa kweli, na jibu letu linategemea ukubwa wa gemu.

Ukinunua ufunguo nje ya Steam kisha ukaandika maoni kwenye ukurasa wa gemu, maoni yako yanasomeka, lakini tangu Septemba 2016 hayaingii kwenye alama ya jumla. Wanaohesabiwa ni walionunua ndani ya Steam yenyewe. Na gemu haipati alama yoyote hadi ifikishe maoni 10 ya namna hiyo. Gemu ndogo iliyotoka juzi ikiwa na maoni 7 inakosa ule mstari wa "Positive" chini ya jina lake, na mpita njia anaipita.

Ushauri wetu ni huu. Gemu ndogo na mpya, isiyo na maoni 10: inunue ndani ya Steam siku za mwanzo, icheze Linux, andika maoni mafupi ya kweli, utaje kwamba uliicheza Linux na kwenye distro (aina ya Linux) gani. Maoni hayo yana thamani kubwa kuliko zile dola chache za ziada. Gemu iliyokwisha kusimama: inunue itch.io au kwenye tovuti ya mwenyewe.

Nimeona ufunguo wa gemu hiyohiyo unauzwa robo ya bei kwenye tovuti nyingine. Kuna tatizo gani?

Kubwa. Sehemu ya funguo hizo hununuliwa kwa kadi za benki zilizoibwa. Mwizi ananunua funguo kwenye tovuti ya mtengenezaji, anaziuza haraka kwa bei ya kutupa, wewe unapata gemu. Wiki chache baadaye mwenye kadi anagundua na kulalamika benki. Benki inachukua fedha zake kutoka kwa mtengenezaji, pamoja na ada ya usumbufu. Mtengenezaji amepoteza ufunguo, amepoteza mauzo, na juu yake ametozwa. Hapo angekuwa na nafuu kama gemu ungeipata bure.

Kisa kinachojulikana ni cha Factorio. Mei 2020 soko la funguo la G2A lilikubali kwamba funguo 198 za gemu hiyo zilizopatikana isivyo halali ziliuzwa kupitia kwao, likailipa studio dola 39,600. Wube walikuwa na nguvu ya kufuatilia. Wadogo wengi hawana.

Njia rahisi ya kupima duka usilolijua ni kufungua tovuti rasmi ya gemu na kuangalia kama duka hilo limetajwa pale. Lisipotajwa, liache.

Kusubiri punguzo ni kumnyima mtengenezaji?

Hapana. Punguzo huwekwa kwa hiari yake. Weka gemu kwenye orodha yako ya matamanio ya Steam ukiwa Linux, kwa sababu ripoti anayopata mtengenezaji inatenganisha walioiongeza kutoka Windows, Mac na Linux. Hata kabla hujatoa senti, umeshahesabiwa. Ila usisubiri Factorio: haijawahi kuwekwa kwenye punguzo, na Januari 2023 bei yake ilipanda kutoka dola 30 hadi 35.

Nitajuaje gemu itafanya kazi kabla sijalipa?

Anza na ukurasa wa gemu. Ukiona alama ya Linux, shuka hadi mahitaji ya mfumo, uangalie kama Linux ina safu yake. Kisha ingia ProtonDB, tovuti ambako wachezaji huripoti gemu zinavyokwenda kwenye Proton, usome ripoti za miezi mitatu ya karibuni za watu wenye kadi ya michoro kama yako. Daraja la juu la miaka minne iliyopita halikuambii hali ya leo.

Kama ni gemu ya mtandaoni ya kushindana, kagua kwanza programu yake ya kuzuia wadanganyifu. Easy Anti-Cheat na BattlEye zinaweza kufanya kazi kwenye Proton tangu Septemba 2021, lakini lazima mtengenezaji airuhusu, na wapo waliokataa. Wapo pia walioruhusu kisha wakafunga: Apex Legends iliwafungia watu wa Linux mwishoni mwa Oktoba 2024. Hilo hakuna mpangilio wa kompyuta yako utakaolitatua.

Ukiwa bado na shaka, Steam hurejesha fedha ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujafikisha saa 2 za kucheza. Angalizo: saa hizo zinahesabika hata kama umeiacha gemu kwenye skrini ya kwanza ukihangaika na mipangilio. Weka kengele ya simu dakika 90.

Nimelipa, nabofya "Play", kitufe kinabadilika halafu kinarudi kama kilivyokuwa. Kulikoni?

Kabla ya kudai fedha zako, pita haya. Mara nyingi kosa haliko kwenye gemu.

La kwanza ni gemu kukaa kwenye diski ya NTFS, ile uliyoirithi kutoka Windows. Proton inaunda folda yenye viungo vinavyoitwa `c:` na `z:`, na ile nukta pacha kwenye jina haipatani na NTFS. Gemu inakufa kimya, bila ujumbe wowote. Hamishia maktaba ya Steam kwenye diski iliyopangwa kwa mtindo wa Linux, kama ext4 au btrfs, tatizo linakwisha.

La pili ni draiva za michoro za biti 32. Steam yenyewe na gemu nyingi za zamani zinazihitaji hata kama kompyuta yako ni ya biti 64. Kwenye Ubuntu au Debian:

`sudo dpkg --add-architecture i386`
`sudo apt update`
`sudo apt install libgl1:i386 mesa-vulkan-drivers:i386`

Wenye NVIDIA wanahitaji kifurushi cha `libnvidia-gl` cha i386 chenye namba ileile ya draiva kuu. Zikipishana, Vulkan, ambayo gemu huitumia kuchora picha, haifunguki. Jaribu `vulkaninfo --summary`: jina la kadi yako lisipotokea, au likitokea `llvmpipe` peke yake, basi michoro inachorwa na prosesa na gemu itatambaa kama konokono.

Kwa waliosakinisha Steam kwa Flatpak, njia inayoiweka programu ikiwa imetengwa na mfumo, kuna mawili. Ukisasisha draiva ya NVIDIA, endesha `flatpak update` ili ya ndani ilingane na ya nje. Na kama maktaba iko kwenye diski nyingine, ipe ruhusa:

`flatpak override --user --filesystem=/mnt/gemu com.valvesoftware.Steam`

Halafu kuna herufi. Linux inatofautisha `Data` na `data`, Windows haitofautishi. Ukiweka nyongeza (mods) zilizotengenezwa na mtu wa Windows kwenye gemu ya Linux asilia, picha au sauti zinaweza kupotea kwa sababu ya herufi kubwa moja tu.

Yote yakishindikana, weka hii kwenye mipangilio ya kuanzisha gemu:

`PROTON_LOG=1 %command%`

Utapata faili linaloanza na `steam-` na namba ya gemu kwenye folda yako ya nyumbani. Hilo ndilo utakalolihitaji kwenye jibu linalofuata.

Kuripoti hitilafu ni kumsaidia au kumsumbua mtengenezaji?

Kuna takwimu moja tunayoipenda sana. Oktoba 2021 mtengenezaji wa gemu ya ΔV: Rings of Saturn alieleza hadharani kwamba ameuza nakala zaidi ya 12,000, na takriban 700 kati ya hizo zilikwenda kwa watu wa Linux, yaani asilimia 5.8. Alikuwa amepokea ripoti 1,040 za hitilafu, na takriban 400 zilitoka kwao. Ukiishia hapo utasema Linux ni balaa. Lakini katika hizo 400, zilizohusu Linux yenyewe zilikuwa 3 tu. Nyingine zote zilikuwa hitilafu za gemu zilizompata kila mtu. Watu wa Windows walikumbana nazo na kunyamaza. Na akasisitiza kwamba ripoti za watu wa Linux zilikuwa na ubora wa juu kuliko nyingine.

Hiyo ni sifa ya kuilinda. Ripoti ya "haifanyi kazi, rekebisheni" inaivunja. Ripoti yenye mwili inaonekana hivi:

*Gemu toleo 1.4.2, kutoka itch.io. Ubuntu 24.04, Mesa 24.0, Radeon RX 580, X11. Nikifungua ramani kisha nikabadilisha ukubwa wa dirisha, gemu inafunga. Inatokea mara 5 kati ya 5. Isipobadilishwa ukubwa, haifungi. Nimeambatanisha Player.log.*

Mistari michache tu, na anayesoma anaweza kulirudia tatizo mezani kwake. Sehemu muhimu ni ile ya mara ngapi kati ya ngapi, na kile kinachofanya tatizo lisitokee. Gemu za Unity huweka `Player.log` ndani ya `~/.config/unity3d/`, kwenye folda ya studio na gemu. Kwa gemu za Steam, taarifa za mashine zote unazipata kwenye menyu ya "Help", halafu "System Information". Andika kwa Kiingereza chepesi kama mtengenezaji hajui Kiswahili. Sarufi haina shida, ilimradi namba ni sahihi. Kabla ya kutuma, ondoa nyongeza zote na ujaribu tena.

GOG haina programu yake kwa Linux. Kuna maana kununua huko?

Ipo. GOG, duka jingine la gemu la mtandaoni, ilianza kuuza gemu za Linux Julai 2014, zikiwa 50, na gemu zake hazina kufuli la kuzuia kunakili (DRM). Unapakua faili la `.sh`, kisha:

`chmod +x jina_la_gemu.sh`
`./jina_la_gemu.sh`

Inasakinishwa ndani ya `~/GOG Games`. Faili hilo ni lako. Kwa anayenunua intaneti kwa bando hili ni jambo kubwa: unapakua usiku bando la usiku likiwa rahisi, unaliweka kwenye diski ya nje, na hata ukifuta kompyuta yote hulipii gigabaiti zilezile mara ya pili. Faili likikatika katikati, linalalamika linapoanza kusakinisha. Linganisha ukubwa wake na ulioandikwa dukani. Ukipenda dirisha la kubofya, programu ya Heroic inakuonyesha maktaba yako ya GOG bila kuhangaika na terminali.

Nikiwa Kenya au Tanzania nalipaje?

Steam hutoza kwa dola kwetu, hakuna bei ya shilingi. Kenya, M-PESA GlobalPay inakupa kadi ya Visa ya mtandaoni kupitia programu ya simu au \*334#. Tanzania zipo kadi za mtandaoni za mitandao ya simu, na kadi za kawaida za benki. Nyingi za benki zinahitaji kwanza uombe ziruhusiwe kwa manunuzi ya mtandaoni, na kutoruhusiwa huko ndiko chanzo cha kawaida cha malipo kukataliwa.

Weka kiasi kinachozidi bei kidogo, kwa kuwa kiwango cha kubadilishia fedha cha mtoa kadi huwa juu kuliko unachokiona kwenye habari. Kama gemu ni ya dola 4.99 na kadi inakataa, jaribu kujaza pochi ya Steam kwanza, kima cha chini ni dola 5. Usitumie VPN kujifanya uko nchi yenye bei nafuu: ni kinyume cha masharti ya Steam, na akaunti inaweza kuzuiwa.

Na gemu huria zinazotolewa bure, kama 0 A.D. au SuperTuxKart?

Zina michango kwenye tovuti zao. Nyingine zinauzwa pia: Mindustry msimbo wake uko wazi kwa yeyote, lakini iko Steam kwa bei, na itch.io unalipa unachotaka. Kununua huko ni mchango wenye risiti. Ukitaka kuisaidia Wine, ambayo Proton imejengwa juu yake, leseni ya CrossOver ya CodeWeavers inawalipa baadhi ya waandishi wake wakuu.

Kampuni ikiondoa toleo la Linux baada ya mimi kulipa?

Omba fedha zako, hata kama muda wa kawaida umepita. Rocket League ilipoacha kuitunza Linux Machi 2020, walioathirika walifunguliwa njia ya kurejeshewa. Taja tarehe ya ununuzi, mfumo wako, na kwamba ukurasa wa gemu ulitaja Linux siku uliyonunua. Ndiyo maana inafaa kupiga picha ya skrini ya mahitaji ya mfumo kabla ya kulipa gemu yoyote ya mtandaoni.

Nimwandikie mtengenezaji kumwomba toleo la Linux?

Mwandikie, ila nunua kwanza au weka kwenye orodha ya matamanio kwanza. Loki Software, walioanza 1998 wakihamishia Linux gemu za studio nyingine, walifunga Januari 2002 kwa matatizo ya fedha, na mauzo madogo yalikuwa sehemu ya tatizo. Maktaba ya msimbo iitwayo SDL, iliyoandikwa na Sam Lantinga aliyekuwa mfanyakazi wao, bado inaendesha gemu nyingi leo.

Ujumbe mzuri una sentensi tatu: umeicheza kupitia Proton ya toleo fulani, hiki kinafanya kazi na kile hakifanyi, na uko tayari kujaribu toleo la majaribio kwenye mashine yako yenye kadi fulani. Ile ya tatu ndiyo inayojibiwa.